Kalamu ya Kukodi

Kila fundi huacha alama yake katika kazi. Seremala hujulikana kwa kiti, mfinyanzi kwa mtungi, na mshonaji kwa pindo la nguo. Mwandishi hujulikana kwa jina lililochapwa pamoja na maneno yake. Jina hilo ni kitu kidogo: halilishi, halivishi, wala halilipi kodi ya nyumba. Lakini mimi nimepata kulikosa, na nilipolikosa ndipo nilipojua uzito wake. Nataka kueleza jinsi nilivyolipata, nilivyolipoteza, na nilivyolirudia. Maana miongoni mwa vijana watakaosoma ukurasa huu wamo wanaotamani kuishi kwa kuandika, na ni heri waambiwe mapema yaliyo matamu na yaliyo machungu.

Mtu aandikaye bila kuwa na mwajiri mmoja huitwa mwandishi wa kujitegemea. Waingereza nao wana neno lao kwa mtu huyo, na asili ya neno hilo ni mkuki. Mwaka 1819 Walter Scott, katika riwaya yake Ivanhoe, aliwataja kwa neno hilo askari wa kukodiwa wa zama za kale, ambao mikuki yao haikuwa na bwana wa kudumu; leo ilimpigania huyu na kesho ilimpigania yule, kwa kadiri ya malipo. Baadaye neno likatoka katika uwanja wa vita likaingia katika chumba cha mwandishi. Nililijua neno hilo tangu ujana wangu na nikalipenda kwa ule uhuru uliomo ndani yake. Ile habari ya kukodiwa sikuitilia maanani.

Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 2012, nikapata cheti cha P1 kilichokuwa kikitolewa wakati ule. Nilidhani serikali ingenipa kazi mwaka uliofuata. Haikuwa hivyo. Walimu waliohitimu walikuwa wengi kuliko nafasi, na majina yetu yalikaa katika orodha ya Tume ya Huduma ya Walimu mwaka baada ya mwaka. Hatimaye halmashauri ya shule moja karibu na Voi ilinichukua kwa mshahara wa shilingi 8,000 kwa mwezi. Nilikodi chumba kimoja mjini, nikanunua meza, taa, na jembe la nyongeza: kalamu.

Kwa muda wa mwaka mzima nilipeleka hadithi fupi na makala kwa wahariri. Nilizipeleka jioni ya Jumamosi, na kila siku ya juma lililofuata niliinuka nikiwa na matumaini. Kumi na moja zilipotea kama mawe yaliyotupwa kisimani. Sikupata hata mlio wa maji. Ya kumi na mbili ikachapwa mwaka 2014. Ilikuwa makala fupi juu ya kisima cha kijiji chetu, na mhariri alikuwa ameikata theluthi yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilihuzunika kwa yale yaliyokatwa; nilipoisoma mara ya tatu nilitambua kuwa yaliyokatwa yalistahili kukatwa. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, nami nililipata bila ada.

Malipo hayakuwapo. Hata hivyo nilinunua nakala mbili za gazeti lile, moja nikaipeleka kwa mama yangu katika milima ya Taita. Mama hakupelekwa shule utotoni. Alijifunza kusoma ukubwani, katika kile kisomo cha watu wazima ambacho Wakenya walikiita ngumbaru. Aliweka gazeti juu ya magoti, akapitisha kidole chini ya kila herufi ya jina langu, kisha akasema, "Mwanangu, wamemwandika na baba yako." Alikuwa amefika katika jina la ukoo. Baba yangu alikuwa amekufa miaka tisa kabla ya siku ile. Mama akalikunja gazeti akaliweka katika mkebe wa biskuti, pamoja na hati ya shamba na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Furaha iliingia nyumbani ikiongozana na karatasi ya ada. Mshahara wangu haukutosha hata kuanza. Ndipo rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu asiyekuwa na kazi, aliponionyesha mlango ambao vijana wengi wa Kenya waliosoma walikwisha kuupita. Kulikuwa na wanafunzi katika vyuo vya ng'ambo waliotaka kuandikiwa insha zao. Walilipa kwa njia ya intaneti, na mtu wa kati aliyekuwa na akaunti aligawa kazi kwa waandishi. Mimi ningelipwa shilingi 300 kwa kila ukurasa wa maneno 275. Mtu wa kati alilipwa zaidi, lakini kiasi gani hakusema, wala mimi sikuuliza.

Niliandika usiku, kwa sababu mchana nilikuwa darasani na kwa sababu usiku wetu ni mchana wa baadhi ya wateja wale. Niliandika juu ya vita vya Ulaya, juu ya biashara, juu ya sheria za nchi ambazo sikupata kuziona. Kazi ikichelewa saa moja nilitozwa faini. Mteja akinung'unika fedha zilikatwa, na sikuwa na pa kushtaki. Macho yaliniuma, na asubuhi niliingia darasani nikiwa nusu ya mwalimu. Lakini mwisho wa mwezi mwema simu yangu ilipokea shilingi 25,000 kwa M-Pesa, yaani zaidi ya mara tatu ya mshahara wa shule. Ada ya muhula ililipwa. Mabati mapya yaliezekwa juu ya jiko la mama. Watu wa kijijini walisema kuwa kalamu ya mwana wa fulani imeanza kuzaa.

Mama peke yake hakuridhika. Kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza, "Gazeti liko wapi nisome jina?" Nilimjibu kuwa siku hizi ninaandikia watu wa mbali, na kazi zao hazitoki gazetini. "Jina lako wanaliweka wapi, basi?" Nilimwambia kuwa watu wale hawaweki jina la mwandishi. Alinyamaza, akatazama mabati yake, akasema, "Ni watu wa ajabu." Wahenga walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilikuwa nikichumia kivulini, na sikujua ningelia wapi.

Kazi ambayo sikuweza kuisahau ilinijia mwaka 2017. Mwanafunzi wa uuguzi, katika nchi ambayo sikuambiwa jina lake, alitaka kurasa sita juu ya namna ya kuzuia makosa katika kuwapa wagonjwa dawa. Nilisoma usiku kucha juu ya vipimo, juu ya majina ya dawa yanayofanana, na juu ya desturi ya wauguzi wawili kukagua pamoja dawa zilizo za hatari. Nilijifunza mengi. Yule aliyepaswa kujifunza hakujifunza neno. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo fedha zilikuwa zimelifunika: kwa fedha hizo nilimsomesha dada yangu awe muuguzi wa kweli, na kwa kazi ileile nilimsaidia mtu mwingine avae vazi la uuguzi bila elimu yake. Nilijiambia kuwa wagonjwa wake wako mbali. Nikalala.

Majuma mawili baadaye nilikuwa nikisahihisha insha za darasa la saba. Insha ya mvulana mmoja ilinistaajabisha. Mwandiko ulikuwa wake, bali lugha haikuwa yake; ilikuwa na misemo ambayo kijana yule hakupata kuitamka. Nilimwita mbele nikamwuliza ni nani aliyeitunga. Hakusitasita. Alisema kuwa ndugu yake wa shule ya sekondari aliitunga, naye akainakili. Nilianza kumkanya juu ya wizi. Yeye akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Mwalimu, sikuiba. Nilinunua. Nilimlipa shilingi hamsini."

Darasa lilinyamaza likingoja neno langu. Nilikuwa na maneno mengi kinywani, na kila moja lilikuwa na ncha mbili. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu: mwaka wa pili nilikuwa nikiurusha mkuki ule ng'ambo, kwa watoto wa watu wasio na sura, na sasa ulikuwa umerudi ukachoma katika darasa langu. Nilimwambia mtoto, "Kaa chini. Kesho utaandika nyingine." Siku ya pili aliandika ukurasa mmoja wenye makosa kumi na tisa, juu ya mbuzi wao aliyepotea sokoni. Ilikuwa insha mbaya yenye uhai ndani yake, nami nikamsomea darasa zima sehemu iliyomhusu mbuzi akitazamana na mchinjaji.

Ningependa kusema kuwa niliiacha kazi ile usiku uleule. Sikuiacha. Kulikuwa na kazi mezani na faini nyuma yake, na ada ya muhula ilikuwa bado nusu. Niliendelea kwa majuma sita, huku nikijua. Naandika hili kwa sababu vijana husimuliwa mara nyingi habari za watu walioona haki wakaifuata papo hapo, na wao wakijiona wanakawia hukata tamaa wakadhani hawakuumbwa kwa wema. Kuona njia ni jambo moja, na kuinua mguu ni jambo la pili.

Mguu niliuinua mwisho wa muhula. Nilimwandikia mtu wa kati kuwa nimeacha, naye hakunilipa kazi za mwezi wa mwisho. Kisha nikaenda nyumbani nikawaeleza mama na dada yangu yote, pamoja na ile habari ya kurasa sita. Gharama ya uamuzi wangu haikuwa yangu peke yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: dada yangu alilazimika kukaa nyumbani muhula mzima. Nilingoja anilaumu. Aliniambia, "Kaka, nitangoja. Mimi nikikosea dawa, atakayeumia si mwalimu wangu." Muhula ule alilima pamoja na mama na kuuza mboga katika soko la Wundanyi. Alirudi chuoni akamaliza nyuma ya wenzake. Leo ni muuguzi. Na kila anapovaa sare yake nakumbuka kuwa sehemu ya ada yake ya mwanzo ilitoka wapi, wala sijui jinsi ya kuirudisha.

Nchi nyingine zimekwisha kuitungia sheria biashara ile. Australia iliharamisha mwaka 2020 kuwauzia wanafunzi kazi za masomo, na Uingereza ikafanya hivyo mwaka 2022. Tena, tarehe 30 Novemba 2022 programu ya ChatGPT ilitolewa kwa watu wote, na mteja aliyekuwa akinunua maneno kwa mtu akaweza kuyapata kwa mashine kwa dakika moja. Rafiki yangu aliyenionyesha mlango ule aliona kazi zikipungua mwezi kwa mwezi. Sikumcheka, kwa maana ana watoto. Lakini nilifahamu kuwa maneno yasiyo na mwenyewe ni rahisi kutafutiwa mwenyewe mwingine; na mwandishi asiyejulikana, siku asipohitajiwa, hakuna amwulizaye amekwenda wapi.

Usidhani, msomaji, kuwa nilipoirudia kazi ya halali nilipokewa kwa ngoma. Mchapishaji mmoja aliniagiza nimtungie kitabu cha mazoezi ya Kiswahili. Tulipatana kwa maneno matupu. Nilikitunga kwa miezi minne, nikalipwa mara moja, kidogo, na kitabu kilipotoka hakikuwa na jina langu. Nilipolalamika niliambiwa kuwa kazi imenunuliwa. Ndipo nilipoisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ambayo ningalipaswa kuisoma mapema. Sheria hiyo humpa mwandishi hakimiliki ya kazi yake kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini kazi ikiwa imeagizwa, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa pawepo mapatano yanayosema vingine. Mimi sikuwa na mapatano. Nilikuwa nimenyang'anywa na ujinga wangu kabla ya kunyang'anywa na mtu.

Baada ya hapo nilifasiri vijitabu vya afya kutoka Kiingereza, kwa malipo ya kila neno, na mara moja nilingoja fedha zangu kwa miezi mitano. Nilituma hadithi tatu kwa wakusanyaji wa vitabu, mbili zikarudishwa. Mwaka 2019 Tume iliniajiri, na mshahara wa kila mwezi ukanipa jambo ambalo sikulitazamia: uwezo wa kukataa. Tangu hapo naandika saa moja na nusu kabla ya alfajiri, na kazi nisiyotaka kuitia jina siifanyi.

Kuna wanaodhani kuwa mwandishi mwenye kazi nyingine si mwandishi kamili. Waitazame historia ya lugha yetu. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na vitabu vyake alivitunga pamoja na kazi ya ofisi. Ken Walibora, ambaye Siku Njema yake ilitoka mwaka 1996, alikuwa mtangazaji wa habari na mwalimu wa chuo kikuu. Mshahara haukuzifunga kalamu za watu hawa. Pengine ndio uliozilinda zisikodiwe na kila apitaye.

Kwa kijana anayeingia katika njia hii, nina mambo machache ya kumwusia. Asiache masomo wala kazi kwa sababu ya makala moja iliyochapwa. Kalamu changa haiwezi kubeba nyumba. Awe na daftari la kuandika kila kazi aliyoipeleka, tarehe, jina la aliyepelekewa, na jibu. Maana kumbukumbu ya moyo huongeza matumaini na hupunguza madeni. Kabla ya kuandika neno la kwanza la kazi ya kuagizwa, apate karatasi yenye sahihi, inayosema atalipwa nini, lini, na haki itakuwa ya nani. Kazi ikirudishwa, aisome tena baada ya juma moja. Mara nyingine ataona mhariri alikosea, na mara nyingi ataona hakukosea. Mwisho, kila aitwapo kuandika ajiulize kama angekuwa radhi jina lake lisomwe pale mbele ya watu waliomlea. Akisita, apime kile kinachomsitisha kabla ya kuipima bei.

Hadithi yangu ya tatu, ile ambayo haikurudishwa, ilitoka mwaka 2020 katika kitabu cha hadithi fupi. Ilihusu mbuzi aliyepotea sokoni. Yule mvulana, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili, nilikuwa nimemwomba ruhusa na kumpa kitabu cha kwanza. Malipo yalikuwa shilingi 4,000. Nilimpelekea mama nakala. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, hivyo alivaa miwani na kusogea mlangoni penye mwanga. Kidole kilipita chini ya jina langu, kikafika kwa baba, kikatulia hapo.

"Wamekulipa?" aliniuliza.

Nilimtajia kiasi. Alisema ni kidogo, nami nilikubali kuwa ni kidogo. Kisha akauleta ule mkebe wa biskuti. Kitabu hakikuingia, kilikuwa kipana kuliko mdomo wake. Alijaribu kukigeuza upande huu na upande huu, akashindwa, akaufunga mkebe na kukiweka juu ya kifuniko chake, mahali ambapo kila aingiaye angekiona.